Mama Anayepoza Uji

Mama ameketi na mwanawe mapajani. Kijiko cha uji kimeshainuliwa lakini mtoto halishwi bado: mama amebana midomo, anapuliza ili upoe. Ndivyo Jean-François Millet alivyomchora mwaka 1861 katika chapa yake iitwayo La Bouillie. Mwaka huohuo alionyesha picha ya rangi ya mama huyohuyo kwenye Salon, maonyesho rasmi ya sanaa mjini Paris.

Aliyewahi kulea haulizi mama anafanya nini. Lakini Ufaransa ya wakati ule iliwatukuza wachoraji wa miungu ya kale, wafalme na vita. Baada ya mapinduzi ya 1848, wanauhalisia kama Gustave Courbet na Millet waliwaleta mbele watu wa jembe, na wakubwa wa sanaa hawakupendezwa. Mwaka 1857 wanawake watatu wa picha ya Millet iitwayo Les Glaneuses, waliokuwa wakiokota tu masazo ya mavuno, walitosha kuwatia wakosoaji hofu ya siasa.

Millet aliyajua maisha hayo kwa kuyaishi. Alizaliwa 1814 kijijini Gruchy, Normandy. Mama yake alishinda shambani, bibi ndiye aliyemlea. Mwaka 1849 alihamia Barbizon, kando ya msitu wa Fontainebleau, na yeye na mkewe Catherine Lemaire wakajaliwa watoto tisa. Nyumba ya namna hiyo haikosi uji wa kupozwa.

Kati ya 1855 na 1856 alikuwa amekwisha kuchora chapa za wanawake kazini nyumbani: mmoja anasukasuka maziwa apate siagi, mwingine anachambua sufu, mwingine anashona. Kazi ya chapa yenyewe ni ya subira. Bamba la shaba hupakwa nta, mchoraji akakwaruza kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tindikali ikala palipokwaruzwa. Wino hujazwa kwenye mifereji hiyo, uso wa bamba ukapanguswa, karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake kwa mashine. Mchapaji wake Paris alikuwa Auguste Delâtre. Picha ya rangi hubaki moja, ila bamba moja hutoa nakala nyingi, na kwa njia hiyo mke wa mkulima akaingia katika nyumba ambazo hangekaribishwa kwa miguu yake.

Chapa zilizotokana na michoro ya Millet zilifika pia kwa mchoraji Vincent van Gogh. Mwaka 1889, akiwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, alizitumia zile zilizochongwa kwenye mbao na Adrien Lavieille, akazichora upya kwa rangi kwa namna yake. Miongoni mwake wamo mwanamke anayesokota uzi na mwingine anayeponda kitani.

Ukimtaja Millet, wengi hukumbuka L'Angélus, picha yake ya sala na machweo. Kwangu mimi, La Bouillie ndiyo kazi yake kubwa zaidi: hakuna sala wala machweo ndani yake, kuna mama, mtoto na kijiko cha uji wa moto.