Buibui wa Ukutani Aliyepata Jina Mwaka 2003

Ndugu mkulima, picha ya buibui ikishatumwa, swali linalofuata huwa "nipulizie dawa gani?" Ngoja kwanza tumjue.

Majina ya kisayansi ya wanyama kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kazi ya Linnaeus ya mwaka 1758. Buibui wamepewa upendeleo: majina yao yanaanzia kitabu cha Carl Clerck kilichotoka 1757. Clerck alikuwa mtumishi wa serikali huko Stockholm, Sweden (mwenzetu huyo!), na picha zake za rangi bado zinasifiwa. Lakini rangi hudanganya. Wataalamu huanza na macho: buibui wengi wana manane, na mpangilio wake huonyesha ukoo. Buibui warukaji, wale wasiotega utando wa kunasia, wana mawili makubwa mbele kama taa za gari.

Mmoja wa warukaji hao ni Evarcha culicivora wa kando ya Ziwa Victoria. Ana urefu wa nusu sentimita hivi, hukaa kwenye vigogo vya miti na kuta za nyumba. Watu wameishi naye miaka yote, ila jina alipewa mwaka 2003 na Wanda Wesołowska na Robert Jackson, kutokana na buibui waliokusanywa Mbita, Kenya. Mwaka 2005 Jackson na wenzake wakaeleza maajabu yake: huchagua mbu jike aliyeshiba damu. Mwenyewe hawezi kutunyonya, kwa hiyo damu anaifuata ndani ya mbu. Tena hupendelea Anofelesi, mbu wa malaria, ambaye humtambua hata kwa jinsi anavyotua akiwa ameinua tumbo. Hebu fikiria ni wangapi wamefagiwa na kupuliziwa dawa kwa sababu tu hawajulikani. (Chandarua kibaki palepale, buibui hamalizi malaria.)

Spishi zinazofanana hutenganishwa kwa kuangalia viungo vya uzazi kwa hadubini, hivyo picha mara nyingi hutufikisha kwenye ukoo tu. Ukipiga moja kutoka juu, hata huko hatufiki. Piga ya uso, ya mgongo, na ya tumbo ikiwezekana, bila kumshika. Andika ulipomkuta: ukutani, juu ya jani au katikati ya utando. Na kama ameshakuuma na unajisikia vibaya, nenda zahanati, usisubiri jibu langu.