Dalali Mwenye Simu Janja: Kupanda na Kuanguka kwa Convoy

Mwezi Oktoba 2023, kampuni ya Convoy ya jijini Seattle, Marekani, ilisimamisha shughuli zake. Mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo, Aprili 2022, wawekezaji walikuwa wameikadiria kuwa na thamani ya dola bilioni 3.8. Haikuwa na malori yake wala madereva wake. Kazi yake ilikuwa kumkutanisha mwenye mzigo na mwenye lori kwa njia ya programu ya simu.

Ninaiandikia historia hii kwa sababu kampuni za namna hiyo hutajwa mno katika semina zetu na katika mipango ya wizara zetu, kana kwamba kuingiza jambo katika simu ni sawa na kulitatua. Ili tujue Convoy ilikuwa nini hasa, yatupasa kuanza kabla haijazaliwa.

Mwaka 1935 Bunge la Marekani liliiweka biashara ya malori chini ya tume ya serikali, Interstate Commerce Commission. Tume iliamua nani abebe nini na apite njia ipi, na ilisimamia viwango vya nauli. Utaratibu huo uliwalinda waliokwisha kupata leseni, na chini ya kivuli chake chama cha wafanyakazi cha Teamsters kilipata nguvu ya kudai mishahara mizuri. Lakini ulizaa pia vituko: lori liliweza kuwa na ruhusa ya kupeleka bidhaa katika mji fulani, lisiwe na ruhusa ya kubeba chochote wakati wa kurudi.

Tarehe 1 Julai 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyolegeza masharti hayo. Teamsters waliipinga, wamiliki wakubwa wa malori nao waliipinga. Baada ya hapo milango ilifunguka. Ndani ya miaka kumi idadi ya kampuni zenye leseni iliongezeka zaidi ya mara mbili, nauli zikashuka, na kipato cha dereva kikashuka pamoja nazo. Leo zaidi ya asilimia 90 ya kampuni za malori nchini humo zina malori yasiyozidi kumi.

Soko lililovunjika vipande kiasi hicho humhitaji dalali. Kiwanda kinachosafirisha shehena mamia kwa siku hakiwezi kumtafuta kila mwenye lori moja, na mwenye lori moja hawezi kubisha hodi katika kila kiwanda. Dalali husimama katikati, huahidi bei kwa huyu na bei nyingine kwa yule, na huishi kwa tofauti iliyopo kati ya bei hizo mbili. Kwa hiyo Convoy ilipoanzishwa mwaka 2015 na Dan Lewis na Grant Goodale, waliowahi kufanya kazi Amazon, iliingia katika biashara kongwe yenye wakongwe wake.

Hoja ya waanzilishi ilikuwa na mashiko. Udalali wa malori uliendeshwa kwa simu nyingi, barua pepe na karatasi. Kwa maelezo yao, takriban theluthi moja ya mwendo wote wa malori ulikuwa mwendo mtupu, usio na mzigo. Kompyuta ingepanga safari vizuri zaidi, ingepunguza mafuta yanayoteketea bure, na ingemwezesha dereva kuona bei na kuchukua kazi bila kubembeleza mtu. Fedha zilimiminika. Jeff Bezos aliwekeza, kadhalika Bill Gates. Novemba 2019 Convoy ilipata dola milioni 400 katika mkupuo mmoja, na miongoni mwa walioongoza mkupuo huo ni mfuko wa uwekezaji ambao mwenyekiti wake ni Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Dereva mdogo alifaidika kweli. Alilipwa haraka bila kukatwa ada, katika sekta ambayo wengi husubiri malipo kwa wiki kadhaa au huuza ankara zao kwa hasara ili wapate fedha za mafuta. Lakini hapo hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Wenye mizigo hawakubadili desturi yao ya kulipa baada ya mwezi au zaidi. Kama dereva analipwa leo na kiwanda kinalipa mwezi ujao, yuko mtu anayelijaza pengo hilo, naye hulijaza kwa fedha za mtaji au za mkopo. Kadiri biashara ilivyokua, ndivyo pengo lilivyopanuka. Ule uliosifiwa kuwa ubunifu wa teknolojia ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mkopo uliotolewa na wawekezaji katika zama za riba ndogo.

Hata tatizo la mwendo mtupu lina mizizi inayopita uwezo wa programu. Jimbo la Florida hupokea bidhaa nyingi kuliko linazotoa. Malori huingia yamejaa na mengi hutoka matupu. Sisi tunaijua hali hiyo kwa macho yetu. Malori yanayopanda kutoka Mombasa kwenda Kampala hujaa shehena, na mengi huteremka matupu, kwa kuwa uzito wa bidhaa zinazoingia Uganda unazidi uzito wa zinazotoka. Programu inaweza kumwonyesha dereva mzigo uliopo. Haiwezi kuumba mzigo usiokuwepo. Lori linalorudi tupu ni alama ya uchumi usiozalisha vya kutosha upande mmoja wa barabara.

Wakati wa janga la Uviko-19, Wamarekani walikaa majumbani wakaagiza bidhaa kwa wingi. Nauli zilipanda, na maelfu ya watu walinunua malori. Mwaka 2022 mahitaji yalipungua, malori yakazidi mizigo, na nauli za papo kwa papo zikaporomoka huku bei ya dizeli ikipaa. Dalali anayeishi kwa tofauti ya bei mbili alijikuta na tofauti ndogo juu ya safari chache. Wakati huo huo Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwezi Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia Julai 2023. Wawekezaji wakaanza kuuliza swali walilolisahau kwa miaka saba: faida iko wapi? Convoy ilipunguza wafanyakazi mara kadhaa, ikatafuta mnunuzi, ikamkosa, ikafunga.

Mwaka huo huo wa 2023, Sendy ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2014 kuunganisha wenye mizigo na pikipiki na malori, nayo ilifikia tamati. Kampuni hizi mbili zilitofautiana sana kwa ukubwa na mazingira, lakini zote zilitegemea mtaji wa watu wa mbali, na mtaji huo ulipojikunja, umahiri wa wahandisi haukutosha kuziokoa.

Kwa ndugu zangu mlio serikalini, kuna jambo la kuzingatia. Sheria ya Marekani humtaka dalali wa mizigo aweke dhamana ya dola 75,000, ili akianguka, wenye malori wapate pa kudai. Kiasi hicho ni kidogo mbele ya kampuni ya mabilioni, lakini angalau swali limeulizwa. Nasi, kabla ya kuzindua programu yoyote kwa ngoma na hotuba, tuulize: ikifungwa kesho, dereva aliyeko njiani na mzigo atalipwa na nani? Wanaharakati nao wasidhani kwamba bei inayoonekana kwenye simu ni bei ya haki. Aliyeipanga hakuchaguliwa na dereva, wala dereva hana kikao cha kuijadili.

Teknolojia ya Convoy haikufa. Ilinunuliwa na Flexport Novemba 2023, na mwaka 2025 ikachukuliwa na DAT. Kampuni hiyo ya mwisho ilianza mwaka 1978 katika kituo cha malori huko Portland, Oregon, kama ubao wa matangazo ya mizigo ambao madereva waliusoma walipopumzika. Imeishi muda mrefu kwa kuuza taarifa kwa ada, bila kujitwika yenyewe hatari ya kupanda na kushuka kwa nauli. Mabilioni yaliteketea, na programu ikaishia mikononi mwa wenye ubao.