Tajiri Aliyeishia Njiani

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, maktaba ya McMillan pale Banda Street, Nairobi, ndiyo ikawa darasa langu. Miaka miwili nilipita kati ya wale simba wa mawe mlangoni bila hata kujiuliza McMillan alikuwa nani. Jina tu, kama jina la stendi. Juzi nikapanda matatu ya Thika, nikabadilisha gari hadi Donyo Sabuk, nikaenda kumtafuta mlimani.

Mlima wenyewe una majina mengi. Wamaasai wanauita mlima mkubwa, Ol Donyo Sabuk. Kwa Kiswahili ni Kilimambogo, kwa sababu ya mbogo, na hao bado wapo, ndiyo maana nilipanda nyuma ya askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, anautaja kati ya makao ya Ngai, upande wa mashariki. Yaani watu walikuwa wakiutazama kwa heshima zamani kabla tajiri yeyote hajautaka.

Tajiri mwenyewe ni William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis. Alikuja mwanzoni mwa karne iliyopita, akajipatia ardhi kubwa huku na Juja, na mwaka 1909 akamkaribisha Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. Waingereza wakampa cheo cha Sir. Alitaka azikwe kileleni. Alipofariki mwaka 1925, gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima. Inasemekana uzito wake nao ulichangia, maana jamaa alikuwa mnene kwelikweli. Wakamzika njiani.

"Hapa ndipo alipochokea," askari akaniambia, akicheka. Mimi pia nilikuwa nahema, kwa hivyo sikucheka sana.

Lakini mahali penyewe, jamani! Tambarare yote iko chini yako, na Mto Athi unajikunja kuuzunguka mlima ukielekea maporomoko ya Fourteen Falls. Kwa mbali unang'aa. Ukiusogelea ni habari nyingine, kwa sababu Mto Nairobi unamwagikia humo, pamoja na takataka zetu zote za mjini. Nilikuwa nimesafiri asubuhi nzima kuukimbia mji, kumbe umenitangulia kwa maji.

Mkewe, Lucie, amezikwa hapohapo. Yeye ndiye aliyejenga maktaba kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa mwaka 1931. Kwa Wazungu. Zaidi ya miaka 20 Mwafrika hakuruhusiwa kukaa humo na kusoma. Babu yangu angekuja Nairobi enzi hizo, angewatazama wale simba kutoka barabarani. Mimi nimelala usingizi juu ya meza zao mara ngapi, sijui.

Nilikaa karibu na kaburi nikala chapati yangu. Nilidhani nitamkasirikia, au nitamshukuru, nikashindwa kuchagua.

"Tunarudi ama tunaendelea?" askari akauliza.

Kilele kilikuwa bado juu. Nikafunga kamba za viatu, tukaendelea.