Mkusanyo wa wijeti

Mkusanyo wa wijeti ni njia ya kutunza pamoja, ndani ya programu ya kompyuta, wijeti (kama vitufe, visanduku vya maandishi na orodha za kuchagua) zinazoundwa wakati programu inaendeshwa, si zile zilizopangwa na mtunzi tangu mwanzo.

Sababu

Mtunzi wa dodoso la kaya hawezi kujua kama kaya itakuwa na watu 2 au 12, hivyo hawezi kuipa kila wijeti jina lake katika msimbo. Badala yake programu huunda visanduku kwa kila mtu na kuvitia katika mkusanyo mmoja. Wakati wa kuhifadhi, kitanzi hupita katika mkusanyo na kusoma majibu.

Aina

* *Orodha* hufaa pale mpangilio unapotosha kutambua wijeti.
* *Kamusi* hutunza kila wijeti kwa ufunguo, kwa mfano namba ya mwanakaya. Hufaa pale mtumiaji anapoweza kufuta mstari wa katikati, kwa kuwa ufunguo haubadiliki kama nafasi katika orodha.

Mfano: ODK Collect

ODK Collect ni programu huria ya simu za Android. Mradi wake, Open Data Kit, ulianza mwaka 2008 ukiongozwa na Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kati ya watumiaji wake wa mwanzo ni AMPATH ya magharibi mwa Kenya, katika upimaji wa VVU nyumba kwa nyumba.

Dodoso huandikwa katika faili la XForms, hivyo programu haijui maswali mpaka ilisome. Klasi ya ODKView huunda wijeti kwa kila swali la ukurasa na kuiweka katika orodha. Majibu yanapokusanywa, kila moja huambatanishwa na fahirisi ya swali lake.

Makosa ya kawaida

* Kuondoa wijeti kwenye skrini bila kuiondoa katika mkusanyo: jibu la mtu aliyefutwa huhifadhiwa, na kumbukumbu ya simu hujaa bure.
* Kufuta ndani ya orodha huku kitanzi kikienda mbele: wijeti inayofuata hurukwa. Dawa ni kuanzia mwisho.
* Kutegemea nafasi baada ya kufuta: umri wa mtoto mmoja huandikwa kwa mwingine, na dodoso huonekana limekamilika.
* Kuufanya mkusanyo ghala la majibu: Android inaweza kuunda upya skrini simu inapogeuzwa, na wijeti za awali hupotea. Majibu yatunzwe peke yake.