Ngala na Katiba ya Majimbo

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 haikuwa na Rais. Malkia wa Uingereza alikuwa bado mkuu wa dola, Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu, na kiongozi wa upinzani katika Bunge alikuwa Ronald Ngala, Mgiriama wa Kilifi, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia katika siasa. Mwaka mmoja baadaye Malkia hakuwa tena mkuu wa dola, Kenyatta alikuwa Rais, na upinzani haukuwapo.

Yafaa kukumbuka nchi ilikuwa imetoka wapi. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilidumu mpaka Januari 1960. Vita vya Mau Mau vilikuwa vita vya kumpinga Mwingereza, lakini katika nchi ya Wakikuyu vilikuwa pia vita vya ndugu kwa ndugu, hata mzee mmoja aliweza kuwa na mwana msituni na mwana mwingine miongoni mwa askari walinzi wa Serikali. Makabila madogo yalitazama mambo hayo kwa hofu, yakajiuliza: Mwingereza akiisha kuondoka, ni nani atakayegawa ardhi? Kwa Wagiriama swali hilo halikuwa dogo. Mwaka 1914 wazee wao walipigwa kwa bunduki walipokataa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mji wa Malindi nao ulikuwa katika ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, ambao haukutolewa kwa Kenya mpaka Oktoba 1963.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa KADU mwezi wa Juni 1960, Ngala akiwa rais wa chama, kushindana na KANU iliyoungwa mkono zaidi na Wakikuyu na Wajaluo. Katika mkutano wa London wa mwaka 1962 KADU ilidai majimbo, ikayapata. Nchi iligawanywa majimbo 7, mbali na Nairobi, na kila jimbo likapewa baraza lake. Juu yake likawekwa Bunge la nyumba mbili, na nyumba ya pili, yaani Seneti, ilikuwa na viti 41. Vifungu vikubwa vya Katiba vilifungwa kwa kufuli zito: havikuweza kubadilishwa ila kwa robo tatu ya kura za nyumba ya kwanza na asilimia 90 ya Seneti. Msomaji apige hesabu mwenyewe: Maseneta 5 tu waliweza kuizuia Serikali nzima, na KADU ilikuwa na zaidi ya 10.

Basi kufuli hilo lilifunguliwaje? Halikuvunjwa. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na hazina ikawa mkononi mwake. Majimbo yalikuwa na mamlaka katika maandishi, lakini fedha na watumishi vilitoka Nairobi, na Nairobi haikuwa na haraka. Katika mkutano wa mwisho wa London mwaka huohuo Waingereza walikubali pia mlango wa pili: mabadiliko yakishindwa Bungeni, wananchi wenyewe waweze kupiga kura, na theluthi mbili zitoshe. Agosti 1964 Kenyatta alitangaza kwamba nchi itakuwa Jamhuri yenye Rais. Wajumbe wa KADU wakaanza kuvuka kwenda upande wa Serikali, leo mmoja, kesho wawili, kwa maana mjumbe asiyeweza kuwaletea watu wake barabara wala shule huulizwa alikwenda Bungeni kufanya nini. Maseneta nao wakaanza kuvuka. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza kwamba KADU imevunjwa.

Wako waliomwita msaliti. Mimi siwafuati. Kura ya wananchi wote, katika nchi iliyotoka vitani juzi, ingekuwa shindano la kabila na kabila, na KADU ingeshindwa vilevile. Lawama yangu ni nyingine: alitoa funguo zote kwa mara moja bila kudai kubakiziwa hata moja. Desemba 12 Jamhuri ikazaliwa. Mwaka 1965 asilimia 65 ya Bunge ikatosha kubadilisha Katiba. Mwaka 1966 Oginga Odinga alipojitenga na KANU pamoja na wajumbe wenziwe, ilipitishwa upesi sheria ya kumlazimisha mjumbe aliyekihama chama chake kurudi kwa wapiga kura. Wale waliovuka kutoka KADU mwaka 1964 hawakuwa wamelazimishwa kufanya hivyo. Kabla ya mwaka huo wa 1966 kwisha, Seneti yenyewe ilikubali kuunganishwa na nyumba ya kwanza, na Maseneta wakapewa viti humo.

Ngala alifanywa Waziri mwaka 1966. Alifariki Desemba 1972, baada ya ajali ya gari katika barabara ya Mombasa na Nairobi. Seneti ilirudishwa na Katiba ya mwaka 2010, na Machi 2013 watu wa Kilifi na Malindi walipanga foleni kumchagua Seneta na Gavana wa kaunti yao.