Urekebishaji: Istilahi na Mipaka Yake

Kijana anayejiunga leo na Chuo cha Taaluma ya Urekebishaji Tanzania, kilichoko Ukonga, Dar es Salaam, aingia katika elimu ambayo jina lake halikuwamo vinywani mwa babu zake. Wao waliijua jela, wakamjua bwana jela na mnyapara, wakaijua na hofu ya kupitishwa mtaani na askari; lakini urekebishaji, kwa maana ya fani yenye mitaala, mitihani na vyeti, ni istilahi changa, na kwa kuwa ni changa yafaa ichunguzwe mapema, kabla mazoea hayajaifanya ipite midomoni pasipo kupita akilini.

Maneno yaliyoitangulia yote ni ya kuta na pingu. Gereza, kwa kauli ya wanalugha walio wengi, limetoka katika neno la Kireno la kanisa, likahamia ngomeni, kisha kutoka ngomeni likahamia kifungoni. Na si ajabu, kwani Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitumiwa na serikali kuwa gereza tangu 1895 hata 1958. Jela tumeipata kwa Waingereza, mahabusu kwa Waarabu, na kifungo ni chetu wenyewe. Kila moja la maneno haya lamwambia msikilizaji mtu amewekwa wapi au amefanywaje, wala hakuna hata moja limwambialo kwa kusudi gani. Urekebishaji ndilo neno la kwanza katika safu hii lililobeba kusudi, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa.

Kusudi hilo lina tarehe yake. Mwaka 1870 wakuu wa magereza na watu wa hisani walikutana Cincinnati, Marekani, wakatangaza kwamba mkosaji afungwapo lengo liwe kumtengeneza, wala lisiwe kumtesa kwa kisasi. Miaka 6 baadaye, huko Elmira katika jimbo la New York, likafunguliwa gereza la vijana lililokusudiwa kuithibitisha imani hiyo kwa vitendo, chini ya Zebulon Brockway: masomo, kazi za ufundi, na muda wa kifungo uliotegemea mwenendo wa mfungwa mwenyewe. Lakini kabla karne haijaisha, uchunguzi wa jimbo hilohilo ulikuta vijana walikuwa wakichapwa vibaya mno, na mchapaji akiamini kuwa kuchapa ni sehemu ya matengenezo. Jambo hili lanikera kila nilikumbukapo, na naona kila mwalimu wa fani hii angeanza somo lake la kwanza hapo. Mwaka 1954 Jumuiya ya Magereza ya Marekani ikabadili jina lake ikajiita ya urekebishaji, na tangu hapo neno likasambaa duniani, hata Zambia na Nigeria zikayapa majeshi yao ya magereza jina hilo katika karne hii.

Walioitafutia istilahi hii Kiswahili walikuwa na maneno mengine mkononi. Kutia adabu kulikuwa karibu zaidi. Lakini adabu, ambayo asili yake ni malezi na heshima, imeburutwa kwa muda mrefu na fimbo, hata asemaye “nitakutia adabu” hakuna amdhaniaye kuwa anaahidi mafunzo. Islahi ni neno tamu, ila masikio ya watu wa pwani hulipeleka moja kwa moja kwenye suluhu ya wagombanao na matengenezo ya dini. Kurekebisha ni kitenzi cha kila siku, chenye upole ndani yake: mpiga udi hurekebisha nyuzi zilizolegea, asizikate. Kenya nao wamekichagua, wakaandika katika nembo ya jeshi lao la magereza “Kurekebisha na Haki”. Uchaguzi huu naukubali kwa moyo wote.

Zanzibar ilishika njia yake. Huko magereza huitwa Vyuo vya Mafunzo, nayo Sheria ya mwaka 1980 ikampa aliyefungwa hadhi ya mwanafunzi. Wazee wa Unguja bado waitaja Kiinua Miguu, jina la kale la jela yao. Hata hivyo, neno mwanafunzi lina deni ambalo mfungwa halina, kwa kuwa mwanafunzi ana haki ya kuuliza amefunzwa nini, na aliyemweka chuoni hana budi kumjibu.

Ama haki jinai, istilahi ambayo wengi waliizoea tangu mwaka 2023, pale tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipochunguza taasisi zake, ni duara kubwa zaidi: ndani yake wamo polisi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza. Urekebishaji ni pembe moja ya duara hilo, lakini si pembe yenye lango la chuma peke yake. Huduma kwa jamii, iliyowekewa sheria Tanzania Bara mwaka 2002, humwezesha mtu wa kosa dogo kufanya kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake. Parole, kwa sheria ya 1994, humtoa mfungwa kabla ya wakati kwa masharti. Tena kuna uangalizi: hakimu kabla ya kutoa adhabu huagiza taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na afisa huenda hadi nyumbani kwa mkosaji, akaketi na mama yake, akamwuliza mjumbe wa nyumba kumi kijana huyu ni wa namna gani, alisoma wapi, anashinda na nani, na aliyekosewa yuko tayari kusamehe au la. Karatasi hizo chache huweza kumwepusha mtu na kifungo kizima, na afisa aziandikaye kwa uvivu hudhulumu kama hakimu dhalimu.

Upo mpaka mmoja ambao istilahi hii isiuvuke, nao ni mlango wa mahabusu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, na Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zataka aliyeko rumande atengwe na aliyehukumiwa na adhaniwe hana hatia. Sasa, mtu ambaye hajathibitishiwa kosa hurekebishwa nini? Neno likimfikia huyo limekwisha kumhukumu kabla ya hakimu. Kwa hiyo katika mitaala ya vyuo, pale panapofundishwa habari za chakula chake, barua zake, wakili wake na siku zake za kupelekwa mahakamani, somo lingeitwa Utunzaji wa Mahabusu, lenye kitabu chake na mtihani wake, na lisomwe kabla ya urekebishaji, kwa sababu askari mpya huweza kupangwa rumande siku yake ya kwanza kazini.