Kinyonga Aliyerudi Mlimani

Wahenga walisema, mtu kwao. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni, nikaifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini maana yake kamili nilikuja kuielewa nikiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Aliyenifundisha alikuwa kinyonga.

Ilikuwa mwezi wa Februari, mwaka 2019, hapa kwetu Moshono. Jua lilikuwa kali na migomba ilikuwa imeinamisha majani. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima mwenye vyumba vya kupangisha, aliniita kutoka upande wa pili wa ua.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Hebu njoo uniondolee balaa hili."

Mpangaji wake mmoja alikuwa amehama usiku bila kuaga. Alikuwa ameacha godoro kuukuu, ndoo iliyopasuka na tundu la ndege. Ndani ya tundu kulikuwa na kinyonga mwenye pembe tatu. Mama yule hakutaka hata kusogea mlangoni. Alisema kinyonga ni mkosi, na kwamba kama asingeogopa laana angekwisha kumwagia mafuta ya taa.

Nilipoinama kumtazama, nilidhani amekwisha kufa. Rangi yake ilikuwa kama ya mkaa. Macho yalikuwa yamedidimia, ngozi imelegea mbavuni, na magamba ya zamani yalikuwa yamekaukia kwenye vidole hata vikashindwa kufumba. Pembe moja ilikuwa imevunjika ncha. Chini ya tundu palikuwa na kisosi cha maji, nacho kimejaa pomoni. Kando yake, tonge la ugali lililokauka.

Kisosi kile ndicho kilichonichoma moyo. Kinyonga wa namna ile hajui maji yaliyotulia. Huko msituni anakunywa umande na matone ya mvua yanayotiririka juu ya majani. Asipoona tone likimeta na kutembea, kwake yeye hayo si maji. Kijana yule huenda alikuwa akijaza kisosi kila siku kwa moyo mweupe, na kinyonga akafa kiu huku maji yakiwa mbele yake.

Ndugu msomaji utauliza, mwalimu wa shule amejuaje mambo hayo? Hapo ndipo inanibidi nirudi nyuma, maana nilijifunza mahali ambapo sijivunii.

Mama yangu alikuwa Mmeru, na mjomba wangu alikuwa na shamba la kahawa juu ya Nkoaranga, karibu na msitu. Likizo zote nilikwenda huko. Mwaka 1989, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alianza kuja mtu mmoja na gari aina ya pikapu, akitafuta vinyonga wenye pembe. Alitupa sisi watoto mifuko midogo ya kitambaa, na kwa kila kinyonga alilipa shilingi ishirini. Wazee walitushangaa, kwa sababu kinyonga aliogopwa. Kuna watu wengi barani Afrika, Wazulu wakiwamo, wanaosimulia kwamba kinyonga ndiye aliyetumwa kuwaletea wanadamu habari kwamba hawatakufa, akachelewa njiani, mjusi akatangulia na habari ya mauti. Lakini shilingi ishirini ilishinda hofu yetu. Nilinunulia daftari, kalamu na maandazi.

Dereva wa yule mtu ndiye aliyetuonyesha namna ya kuwatunza hadi jioni. "Mnyunyizieni majani, si yeye," alisema. "Na dume kwa dume msiwaweke pamoja, watachomana pembe." Kwa hiyo elimu ya kuwaokoa niliipata kwa wale waliokuwa wakiwachukua. Sikumbuki niliuza wangapi. Walikuwa wengi.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu na kupata vitabu, ndipo nilipojua tulikuwa tunauza nini. Kinyonga wa pembe tatu wa Afrika Mashariki alipewa jina la kitaalamu mwaka 1896 na George Albert Boulenger wa jumba la makumbusho la Uingereza, kwa heshima ya Frederick Jackson, Mwingereza aliyependa sana ndege na ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Wa kwetu alikaa miaka mingine zaidi ya sitini bila jina lake mwenyewe. Mwaka 1958 mtaalamu wa Kimarekani, A. Stanley Rand, aliona kwamba yule wa Mlima Meru ni mdogo kuliko ndugu zake wa Mlima Kenya na ana sifa zake za pekee, akamwita merumontanus, yaani wa Mlima Meru. Kwao ni mlima huu mmoja, katika baridi na ukungu wa miteremko yake. Na tofauti na vinyonga wengi, hatagi mayai ardhini. Jike hubeba mimba kwa miezi kadhaa kisha huzaa watoto wakiwa hai. Kumbe kila tulipotia jike katika mfuko, pengine tulitia na ukoo mzima.

Biashara yenyewe haikuanzia kwetu. Miaka ya sitini na sabini Kenya ndiyo iliyokuwa ikipeleka vinyonga hao Ulaya na Marekani. Mwaka 1977 vinyonga waliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, unaofahamika kwa jina la CITES, ambao unataka pawe na kibali kabla ya mnyama kuvuka mpaka. Mwaka 1981 Kenya ikafunga mlango kabisa. Mlango mmoja ukifungwa, mfanyabiashara hutafuta mwingine, na macho ya wanunuzi yakageukia mlima wetu.

Katika historia hiyo kuna kisa kimoja ambacho sikuweza kukisahau tangu nilipokisoma. Mwaka 1972 vinyonga kadhaa wa pembe tatu walisafirishwa kutoka Kenya hadi visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Mnunuzi alikuwa mwenye duka la wanyama wa kufuga huko Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu. Walifika wamekonda, wamekauka kwa safari ndefu. Mwenye duka akawaonea huruma. Akawaachia katika bustani ya nyumba yake ili wapate hewa, umande na wadudu, warudiwe na afya.

Nao walirudiwa na afya kweli. Kaneohe kuna mvua nyingi na majani mabichi. Wakapanda miti, wakavuka ua, wakazaana, hata leo wamo katika visiwa kadhaa vya Hawaii. Huko hakuna mjusi wa asili wa nchi kavu, wala wadudu na konokono wa huko hawakuumbwa wakijua ulimi wa kinyonga. Watafiti wamepasua matumbo ya vinyonga hao na kukuta konokono wa asili wa Hawaii, ambao ni adimu sana duniani. Sheria za huko zinawahesabu vinyonga hao kuwa wanyama waharibifu, na ni kosa kuwahamisha kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

Simlaumu mwenye duka yule. Aliona kiumbe anakufa akamnusuru. Lakini huruma yake ilikomea kwenye uhai wa mnyama, haikuuliza kwao ni wapi.

Nikiwa na kisa hicho moyoni, nilibeba tundu lile hadi nyumbani. Mke wangu aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Hilo lisiingie ndani." Sikubishana naye. Kesho yake asubuhi nilikwenda kumwona afisa wa wanyamapori, maana sheria ni wazi kwamba mnyama wa porini si wa mtu kumweka nyumbani bila kibali. Alinisikiliza, akaja kumtazama. Akasema kumrudisha msituni katika hali ile ni kumtupa. Nikae naye hadi aweze kushika tawi na kuwinda, kisha tumrudishe pamoja.

Nyuma ya nyumba tuna kichaka cha kahawa kilichobaki kutoka enzi za baba. Nilikifunika kwa chandarua cha zamani. Nikatoboa kopo la maziwa kwa msumari mwembamba, nikalijaza maji na kulitundika juu, matone yakawa yanadondoka jani hadi jani. Siku ya kwanza kinyonga hakusogea. Siku ya pili alifumbua jicho moja. Siku ya tatu, asubuhi na mapema, nilimkuta ameinua kichwa, tone limemwangukia mdomoni, naye anameza taratibu. Alikunywa kwa muda mrefu sana. Nilisimama pale na kikombe changu cha chai hata kikapoa.

Magamba ya vidoleni yalilainika yenyewe kwa unyevu; sikuyavuta. Binti yangu alikuwa akikamata panzi na nzi, nasi tuliacha kupulizia dawa mbogani ili tusije tukamlisha sumu. Wiki ya pili alirusha ulimi kwa mara ya kwanza akakosa. Wiki ya tatu hakukosa. Rangi ya mkaa ikaondoka, akawa kijani kama jani jipya la mgomba. Hata mama jirani alianza kuja kumchungulia, kwa mbali, mkono kifuani. Pembe iliyovunjika haikurudi kama zamani.

Ndipo binti yangu akasema neno nililokuwa nikiliogopa. "Baba, tumfungulie akae hapa hapa. Kwani hapa si Meru?"

Ni kweli, kukiwa hakuna mawingu mlima unaonekana kutoka uani kwetu kana kwamba unaweza kuugusa. Tena moyo wangu ulikwisha kumzoea. Lakini Moshono ni chini, kuna joto na vumbi, na miti inakatwa kila siku nyumba zijengwe. Vinyonga tunaowaona huku ni wengine, wasio na pembe. Nikamsimulia habari za Kaneohe. Alinyamaza, kisha akauliza, "Yule mwenye duka hakujua njia ya kuwarudisha?" Nikamjibu kwamba njia ilikuwa ndefu. Ya kwetu ni safari ya asubuhi moja.

Mwishoni mwa Machi, mvua za kwanza za masika zilipoanza, tulipanda na afisa yule hadi juu ya Nkoaranga, kando ya msitu. Shamba la mjomba sasa lina wenyewe. Nilimweka kinyonga kwenye tawi lenye ukungu. Alisimama, akayumba mbele na nyuma kama desturi yao, jicho moja likitutazama na jingine likitazama juu. Kisha akapiga hatua, na nyingine. Baada ya dakika kumi hatukuweza tena kumtofautisha na majani.

Serikali yetu ilikwisha kupiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Niliposikia tangazo lile nilifurahi kama mtu asiyehusika. Siku ile msituni sikuweza tena kujidanganya. Nilikuwa nimerudisha mmoja mahali pale pale nilipochukua wengi, na hesabu hiyo hailingani wala haitalingana.

Tulipokuwa tukishuka, binti yangu alikuwa amebeba tundu tupu. Aliniuliza tulifanyie nini. Nikamwambia alivunje, na alilivunja kabla hatujafika Moshono.